Ikwalaiza ya bendi 31 ukumbini: maiki zinapiga mluzi, nikate wapi?

Kisauni_Sauti

Asalaam aleikum ndugu zangu wa mitambo. Jumamosi kuna harusi na taarabu ya vyombo vichache, na ukumbi umenishinda kuuweka sawa.

Ukumbi wenyewe ni mita 18 kwa 12, huku Kisauni, Mombasa. Paa ni mabati bila dari, sakafu ni saruji, kuta zimepigwa plasta na rangi, pazia hakuna hata moja. Nina miksa ya analogi ya chaneli 16, ikwalaiza moja ya bendi 31 yenye pande mbili (kila upande vijiti 31, kila kimoja kinapandisha au kushusha masafa yake), krosova (inayogawa besi iende sabufa na zilizobaki ziende spika za juu), amplifaya tatu, sabufa mbili za inchi 18, spika mbili za inchi 15 zenye honi juu ya stendi, na monita mbili za sakafuni. Maiki za kuimbia ni sita, zote kadioidi (zinazosikia zaidi upande wa mbele). Kinanda, udi na fidla vinaingia pia.

Upande wa kwanza wa ikwalaiza nimeupa spika za kushoto, wa pili za kulia. Vijiti nimevipanga kama mashua: 40 hadi 100 Hz vimepanda +9 dB (kipimo cha nguvu ya sauti), vya katikati vimeshuka −6, halafu kuanzia 6.3 kHz vimepanda tena +9. Nikipiga muziki wa simu inapendeza sana. Zikifunguliwa maiki ndipo balaa: mluzi, nyuma maneno hayashikiki, besi inavuma, na taa nyekundu ya amplifaya ya sabufa haizimiki. Kuna na mvumo mdogo hata muziki ukiwa umezimwa.

Programu ya simu inanionyesha kilima kwenye 200 na 250 Hz. Nikate hapo? Au ninunue kile kifaa kinachoua mluzi chenyewe?

---

MzeeKrosova

Waleikum salaam. Usinunue kitu. Rudisha vijiti vyote 62 kwenye sufuri kwanza, ndipo tuzungumze.

Hiyo mashua yako ndiyo inayotoboka. Kila 3 dB unayoongeza inadai nguvu maradufu kutoka kwa amplifaya, kwa hiyo +9 ni mara nane. Besi iliyokuwa ikitaka wati 100 sasa inataka wati 800, kwa wimbo uleule. Taa nyekundu isiwake kwa nini? Na maneno yanakaa katikati: herufi kama t, k, s na ch zinabebwa zaidi na masafa ya 1 hadi 4 kHz na kwenda juu kidogo. Wewe umeipunguza katikati, ukaona waimbaji hawasikiki, ukapandisha fada za maiki (vitelezi vya sauti vya miksa), na juu tayari umeongeza +9. Mluzi umeuita mwenyewe kwa jina.

Kabla hujaigusa tena ikwalaiza, kuna mambo manne ambayo hakuna kijiti kitakachokufanyia.

Mahali pa spika. Ziwe mbele ya maiki zote, mita moja na nusu au mbili, wala asisimame mwimbaji mbele yake. Honi iwe juu ya vichwa, kama mita 2 kutoka sakafuni, na uiinamishe kidogo ilenge nyuso za waliokaa theluthi ya mwisho ya ukumbi. Ikitazama mbele tu, sauti nyingi inaenda kugonga ukuta wa nyuma na mabati, inarudi kwenye maiki.

Mahali pa monita. Maiki ya kadioidi ni kiziwi nyuma yake kabisa, pale waya unapotokea. Monita iketi hapo, mkia wa maiki ukiitazama. Ukiazima maiki za superkadioidi (zinazosikia eneo jembamba zaidi mbele) hesabu inabadilika: uziwi wake uko kwenye nyuzi 125 hivi, kwa hiyo monita inasogea pembeni.

Umbali wa mdomo. Ukipunguza umbali kwa nusu unapata 6 dB bure. Mwimbaji akitoka sentimita 20 akaja 5, hiyo ni 12 dB, na hakuna ikwalaiza duniani itakayokupa kiasi hicho bila kuharibu sauti. Na mshereheshaji aache kukamata kichwa cha maiki kama embe. Akiziba matundu ya nyuma, kadioidi haiko tena, inasikia pande zote.

Idadi ya maiki zilizo wazi. Kila ukizidisha maiki maradufu unapoteza 3 dB. Sita zikiwa wazi pamoja badala ya moja, umepoteza karibu 8 dB. Anayepumzika, chaneli yake izimwe.

Hayo yakikaa sawa, twende. Kwenye miksa, ikwalaiza ndogo za chaneli zote ziwe katikati, na kitufe cha kukata besi kibonyezwe kwa kila maiki ya sauti (kwenye miksa nyingi kinakata kuanzia 80 au 100 Hz kwenda chini). Mtu aimbe kwa nguvu atakayoimbia siku yenyewe, si "alo alo" ya kunong'ona, na upange geni (kitasa cha nguvu ya maiki inapoingia miksa) hadi kipimo cha taa za miksa kicheze karibu na sufuri bila kugusa nyekundu. Kwenye ikwalaiza yenyewe swichi ya kiwango iwe ±12, kitasa cha jumla kiwe sufuri, na kama ina kitufe cha kukata chini ya 40 Hz kibonyeze.

Sasa piga wimbo unaoujua vizuri, upite spika za mbele tu. Tembea. Simama katikati, kisha pembeni, kisha nyuma kabisa. Kinachokukera sehemu zote tatu ndicho cha kukata. Kinachokera sehemu moja tu ni cha spika au ukuta. Kata kidogo, 2 au 3 dB, halafu bonyeza baipasi (kitufe cha kuiruka ikwalaiza) urudi, bonyeza tena, sikiliza tofauti. Kama hujui iliyo bora, rudisha sufuri.

Mwisho ndio mluzi. Zima muziki, fungua maiki moja katika mahali pake, mtu asiishike. Pandisha fada taratibu hadi ianze kuvuma kwa mbali, usingoje ipige yowe. Tambua ni wapi, shusha kijiti hicho 3 dB, endelea kupandisha. Ikirudi palepale, shusha 3 nyingine. Milio miwili mitatu ikianza kuja kwa pamoja, umefika mwisho wa faida, acha. Kwa kawaida ni vijiti vinne hadi sita. Ukishuka na vijiti kumi na tano, hujaua mluzi, umeshusha sauti yote kwa njia ya taabu. Baada ya hapo rudisha fada nyuma 6 dB, hiyo ndiyo akiba yako ya siku ya shughuli.

Kwa masikio: ikinguruma kama lori ni 100 hadi 160. Ikivuma kama unapuliza mdomo wa chupa ni 200 hadi 400. Ikilia kama tarumbeta ni 500 hadi 1.25 kHz. Filimbi ya refa ni 2 hadi 4 kHz. Kama mbu sikioni, ni 6.3 kwenda juu.

---

BintiTudor

Mzee kamaliza, ila amepita mbio kwenye waya, na hapo ndipo kaka amepoteza nusu ya ikwalaiza yake.

Kushoto na kulia kwenye ukumbi wa mita 12 ni anasa. Aliyekaa upande wa kushoto anasikia kushoto tu, na kinanda kikipelekwa kulia hakipati. Fanya sauti ya mbele iwe mono (sauti moja ileile kushoto na kulia), upande A wa ikwalaiza uwe wa mbele, upande B uwe wa monita. Monita ndizo zinazotaka ikwalaiza zaidi kwa sababu ziko mita moja kutoka kwa maiki.

Njia iende hivi:

Mbele: mono ya miksa → ikwalaiza A → krosova → amplifaya ya sabufa na ya spika za juu.
Monita: AUX 1 (njia ya pembeni ya kutolea sauti kwenye miksa) → ikwalaiza B → amplifaya ya monita.

Kama miksa haina tundu la mono, zungusha vitasa vya pan (vya kupeleka sauti kushoto au kulia) vyote kushoto na utumie tundu la kushoto peke yake. AUX iwe ile inayochukua sauti kabla ya fada. Ukitumia ya baada ya fada, kila unapompandisha mwimbaji kwa ajili ya wageni unampandisha na kwenye monita, mluzi unarudi.

Ikwalaiza ikae kabla ya krosova daima, na upitishe sauti ya kiwango cha laini tu (ile inayotoka miksa, yenye nguvu kuliko ya maiki), usichomeke maiki moja kwa moja. Tumia waya wa XLR (plagi ya pini tatu kama ya maiki) au jeki ya TRS (yenye sehemu tatu za kugusia) mwanzo hadi mwisho. Jeki ya gitaa, TS (yenye sehemu mbili tu), inapitisha sauti, lakini inakaribisha mvumo, na kwenye vifaa vingi unapoteza 6 dB.

Kisha jaribu krosova. Iweke 100 Hz, piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea, na ubadilishe kitufe cha kugeuza fezi ya sabufa (koni isukume au ivute kinyume). Upande unaotoa besi nzito zaidi pale katikati ya ukumbi ndio sahihi. Sabufa na spika za juu zikivutana kinyume unapata shimo kwenye 100 Hz, na watu hulijaza kwa kupandisha kijiti. Shimo hilo halijai, unachochoma ni koili tu.

---

Pinki_Noizi

Kuhusu programu ya simu. Maiki ya simu imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, chini ya 100 Hz usiiamini kabisa, na ukubwa wa kilima inaouonyesha si wa kutegemea. Lakini kitu kimoja inakifanya vizuri: mluzi ni sauti ya masafa mamoja, kwa hiyo inachomoza kama mnazi shambani, na namba yake huwa sahihi. Itumie kutaja jina la mluzi, usiitumie kunyoosha ukumbi.

Hicho kilima cha 200 na 250, sogea mita mbili uangalie tena. Kikihama au kikibadilika umbo, ni sauti ya spika kukutana na sauti iliyogonga ukuta au sakafu. Sauti mbili zikipishana milisekunde 1 tu, yaani njia moja kuzidi nyingine kwa sentimita 35 hivi, zinafutana kwenye 500 Hz, 1,500, 2,500 na kuendelea. Ukikaa kiti cha pili yake, mashimo yanakuwa pengine. Utamkatia nani? Kijiti kinabadilisha ukumbi wote, hakichagui kiti.

Vilevile mwangwi wa mabati na saruji ni jambo la muda, sauti inakawia kufa. Ikwalaiza haiwezi kuifanya ife mapema. Ukitundika vitambaa vizito vya mapambo ukuta wa nyuma, viwe mbali na ukuta kama sentimita 10 na vikunjwe mikunjo mingi, utapata faida kubwa kuliko vijiti vyote 31. Mpambaji wa harusi tayari ana vitambaa, mwombeni avitundike huko nyuma badala ya kuvimalizia vyote jukwaani.

Ukitaka kutumia pinki noizi (mvumo wa majaribio wenye masafa yote) na maiki ya kupimia, sawa, ila usinyooshe mstari uwe kama rula. Ukumbi ulionyooshwa hivyo unachoma masikio. Mstari mzuri unashuka polepole kuelekea masafa ya juu.

---

Kisauni_Sauti

Shukrani jamani. Nimefuata. Mbele mluzi ulikuja 2.5 kHz (nimeshusha −6), kisha 1.25 kHz (−3), kisha 5 kHz (−3). Monita ulikuja 800 na 3.15 kHz, −6 kila kimoja. Spika zimesogezwa mbele na kuinamishwa. Fada zinapanda sana kuliko mwanzo na taa nyekundu imezimika.

Mambo matatu yamebaki. Kwa sababu ya kuvuma nimeshusha 200, 250 na 315, −6 kila kimoja, sasa sauti za wanaume zimekuwa nyembamba kama za simu. Pili, kuna mluzi mmoja programu inaupa 1.8 kHz, na kijiti cha 1.8 hakipo. Tatu, mvumo uko palepale, nimekata 50 na 100 Hz hadi chini na bado unasikika.

---

MzeeKrosova

Vijiti jirani havifanyi kazi kila mtu na shamba lake, vinaingiliana. Ukishusha vitatu vinavyofuatana −6, katikati yake inaweza kuzama zaidi ya 6 hiyo, na umefuta kifua chote cha mwanamume. Rudisha 200 na 315 sufuri, acha 250 kwenye −4. Kuvuma kulikobaki kunatoka kwenye maiki yenyewe: kadioidi ikisogezwa karibu na mdomo inaongeza besi. Punguza besi hiyo kwenye chaneli ya yule mmoja anayevuma, kwa kitasa chake cha chini. Udi usiuadhibu kwa kosa la mwimbaji.

1.8 iko kati ya 1.6 na 2. Shusha vyote viwili, −3 na −3, vitakutana hapo katikati. Hiyo ndiyo faida ya bendi 31: kila kijiti kinachukua theluthi ya okteva, upana kama asilimia 23, kwa hiyo hukosi sana. Mwenye kifaa cha kukata kwa ncha ya sindano ana shida zaidi. Joto la saa tisa likiwa nyuzi 32 na la alfajiri 25, mwendo wa sauti unatoka karibu mita 346 kwa sekunde hadi 350 na ushei, na mluzi unapanda kwa asilimia 1 hivi. Sindano inaweza kukosa, kijiti chako hakikosi.

---

BintiTudor

Mvumo: rudisha 50 na 100 mahali pake. Umeme wetu ni wa 50 Hz na mvumo unakuja na watoto wake, 100, 150, 200 na zaidi, huwezi kuwakata wote ukabaki na muziki. Tafuta mlango ulioingilia.

Shusha fada zote. Ukiisha, unatoka kwenye chaneli, basi chomoa moja moja. Anayeshukiwa kwanza ni kinanda au kompyuta iliyo kwenye soketi ya jukwaani huku miksa iko kwenye soketi nyingine, mzunguko wa ardhi unafungwa kupitia waya wa sauti. Mpitishe kwenye kisanduku cha DI (cha kuunganishia chombo na miksa) chenye transfoma na ubonyeze swichi ya kuachanisha ardhi, na vyombo vyote vya sauti vipate umeme kutoka soketi moja. Mvumo usiobadilika fada zikishuka, uko baada ya miksa: angalia waya wa ikwalaiza hadi krosova na ule wa kwenda amplifaya, hasa kama kuna jeki ya TS.

Pini ya ardhi ya plagi isikatwe, hata fundi nani akikwambia ndiyo dawa. Siku amplifaya ikivuja, mwenye mdomo kwenye maiki ndiye anayeilipa.

---

Mwana_wa_Likoni

Samahani kudandia uzi. Kwetu ni zile spika za honi za msikitini, laini ya volti 100 (waya mmoja unaolisha spika nyingi kupitia transfoma), mawaidha yanasikika kama yanatoka ndani ya pipa. Ikwalaiza ni ya bendi 15. Ni hesabu hiyohiyo?

---

Pinki_Noizi

Hapana yakhe, yako ni rahisi zaidi. Honi hizo hazitoi besi. Nyingi zinaanza kufanya kazi sawasawa karibu 300 Hz na kuishia kati ya 6 na 8 kHz. Kila unachopeleka chini ya hapo kinachosha transfoma na kupasua kiwambo cha draiva. Bendi zako ni 25, 40, 63, 100, 160, 250, 400, 630 na kuendelea. Sita za mwanzo zishushe hadi chini, na kama amplifaya ina kitufe cha kukata besi kiwashe pia, maana vijiti peke yake vinavujisha. Sauti ya pipa kwenye honi mara nyingi iko 630 hadi 1.6 kHz. Jaribu 1 kHz −4 kwanza, msomaji akiwa anasoma, wewe ukiwa nje barabarani na si mihrabuni. 2.5 kHz usiiguse, ndiyo inayobeba maneno.

---

Kisauni_Sauti

Ilikuwa kompyuta! DI imemaliza mvumo. Sauti za wanaume zimerudi. La mwisho: ukumbi ukijaa watu 200 nipange upya?

---

MzeeKrosova

Vijiti usiviguse. Nguo na miili vinakunywa sauti za katikati na za juu zaidi kuliko besi, kwa hiyo ukijaa utaona umekuwa mzito na maiki zimekuwa salama zaidi. Shusha kitasa cha sabufa kwenye krosova 2 au 3 dB, hiyo inatosha. Kama bado kumefifia juu, pandisha 6.3 na 8 kHz kwa 1 au 2 tu. Mluzi ukichomoza katikati ya wimbo, shusha fada ya maiki husika, usianze kuwinda vijiti mbele ya wageni.

Piga picha ya ikwalaiza kwa simu ukimaliza, kwa sababu kuna atakayekuja kuipanga mashua tena.

---

BintiTudor

Na ukishusha kijiti ukasikia kikikwaruza kwenye spika, hiyo ni chumvi ya bahari na vumbi. Zima, chomoa, fungua kifuniko, puliza dawa ya kusafishia potensiometa (si ile ya bawaba za mlango, inaweza kuharibu plastiki na kukamata vumbi), sogeza kila kijiti juu na chini mara 20, acha ikauke kabisa ndipo uwashe. Kama uko karibu na ufuo, fanya hivyo kila baada ya miezi michache na uifunike kwa kitambaa isipotumika. Vijiti vya 1 hadi 4 kHz ndivyo vinavyokwaruza mapema, kwa kuwa ndivyo vinavyosogezwa kila siku.